Shangazi, niinunue tsuba yenye sahihi ya Nobuie?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ila kwa sasa makazi yangu ni Nagoya, Japani, pamoja na mke wangu na binti yetu mdogo. Ninafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, yale yanayopakiwa melini kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Kazi ni ngumu lakini inalipa, na kila mwezi tunatenga chochote kwa ajili ya kiwanja tunachotaka kununua nyumbani.

Huku nimeingiwa na mapenzi ya tsuba, ile sahani ndogo inayokaa kati ya mpini na bapa la upanga wa Kijapani. Nilianzia kwenye gulio la vitu vya kale la hekalu la Osu Kannon, ambalo huwa tarehe 18 na 28 za kila mwezi. Ya kwanza niliipata kwa bei ya chakula cha mchana. Sasa ninazo zaidi ya kumi, nazo zinalala kwenye boksi la vifaa ndani ya gari, kwa sababu mke wangu hazitaki nyumbani. Anasema ni vyuma vya silaha, vimeua watu, na hatujui vimekuja na nini. Mama mkwe naye amemwambia kwa simu kwamba ama zisomewe dua, ama zitupwe. Na nyingine zina sura za miungu ya huku, jambo linalomkera zaidi.

Sasa kuna muuzaji mmoja anayeniuzia tsuba yenye sahihi ya Nobuie, ikiwa na boksi lake la mbao lenye maandishi ya wino. Anataka yeni laki sita na amenipa hadi mwisho wa mwezi. Fedha ninazo, lakini ni za kiwanja, na mke wangu sijamwambia. Hati ya wataalamu muuzaji hana. Anasema boksi linatosha. Nilipomuuliza kama naweza kuirudisha ikigundulika si yenyewe, alicheka akabadilisha mazungumzo.

Nimekutumia picha za hiyo tsuba pamoja na za kwangu zote. Za kwangu nyingi hazina sahihi na baadhi zimeshika kutu. Fundi mwenzangu kazini anasema tuzipitishe kwenye brashi ya waya ya mashine, tuzipake dawa ya kutoa kutu, zitang'aa. Nimkubalie? Na siku tukirudi nyumbani, nitaruhusiwa kutoka nazo?

Mwanao, Nagoya.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Picha zimefika zote, na nimezikuza kwenye kompyuta nikazitazama moja baada ya nyingine.

Nianze na la muuzaji, maana ndilo lenye tarehe. Usiinunue.

Nobuie ni jina zito. Alifanya kazi mwishoni mwa karne ya 16, na anahusishwa na jimbo la Owari, yaani hapo hapo Nagoya ulipo. Wajapani wakitaja mafundi wawili wakuu wa tsuba za chuma, humtaja yeye na Kaneie wa Fushimi, kando ya Kyoto. Kazi yake inajulikana kwa uso uliofuliwa kwa nyundo ukaachwa na mawimbi yake, mara nyingi ukiwa na nakshi ya magamba ya kobe, na kwa umbo wanaloliita mokko, lenye mapande manne yaliyoviringana. Jina la namna hiyo haliachwi kupumzika. Wapo mafundi wa baadaye waliolitumia kihalali, na wapo wengi zaidi waliolichonga kwenye chuma ambacho Nobuie hakukigusa, ili kiuzike. Sahihi ya Nobuie ni miongoni mwa zilizoghushiwa sana katika fani nzima. Kwa hiyo unapoiona sahihi hiyo, usiichukulie kuwa ushahidi. Ni dai, nalo linahitaji kuthibitishwa na chuma chenyewe.

Na chuma cha huyo muuzaji hakilithibitishi. Kuza picha yako ya pili, ile ya upande wa sahihi. Herufi ni kali, kingo zake zimesimama kana kwamba tindo imetoka juzi. Lakini uso unaozizunguka umelika na kulainika. Chuma hakizeeki nusu nusu. Herufi zingekuwa za zamani, zingelika pamoja na uso wake, na hapo karibu na tundu zingekuwa zimelika zaidi, kwa sababu ndipo zinapolala zile washa nyembamba za shaba zinazoitwa seppa, zikisuguana na tsuba kila upanga unapovutwa.

Kisha tazama tundu la katikati. Panga hazilingani unene. Tsuba ikihamishwa kutoka upanga mmoja kwenda mwingine, fundi hugongagonga kingo za tundu kwa tindo ili libane, au hupachika vipande vya shaba juu na chini. Tsuba ya miaka zaidi ya 400 huwa imevalishwa panga kadhaa, na tundu lake hubeba historia hiyo. La huyo bwana ni safi kabisa, halina pigo hata moja. Peke yake jambo hilo lisingetosha kuihukumu, kwa kuwa zipo tsuba zilizokaa kabatini bila kuvalishwa. Tatizo ni kwamba kuna la tatu, na hilo ndilo lililonimalizia shaka.

Fungua picha ya ubavuni, uangalie ndani ya tundu dogo la pembeni, lile la kupitishia kisu kidogo. Katikati ya unene wa ukuta kuna mstari mwembamba ulioinuka, na kando yake vitobo vidogo vidogo mfano wa mapovu. Mstari wa namna hiyo huachwa na kalibu, pale nusu mbili zinapokutana. Tsuba ya Nobuie ilifuliwa kwa nyundo. Hii imemiminwa.

Kuhusu boksi: mbao ya kiri, mti wa Kijapani, ni nzuri, nyepesi, inahifadhi vizuri, na yapo maboksi yaliyoandikwa na wataalamu wa kuheshimika kama Torigoye Kazutaro na Sato Kanzan. Lakini boksi na tsuba hazikuzaliwa pamoja. Boksi la haki linaweza kutolewa tsuba yake likatiwa nyingine, na wino nao huigwa. Boksi likutie hamu ya kuangalia zaidi, basi. Lisikutoe fedha.

Kitu kinachopimika ni hati. Japani kipo chama cha kuhifadhi panga za sanaa, NBTHK, kilichoundwa mwaka 1948. Hupokea panga na vifaa vyake, wakaguzi wake wanavikagua, kisha wanatoa hati kwa daraja: ya kwanza ni Hozon, inafuata Tokubetsu Hozon, na juu yake Juyo na Tokubetsu Juyo, ambazo hupewa vitu vichache sana. Zipo pia hati za zamani za chama hicho hicho, za kabla ya 1982, lakini wakusanyaji hawazitegemei kama hizi za sasa. Ukionyeshwa moja, iulizie ya sasa. Hebu jiulize, mwanangu. Huyo bwana yuko Japani, chama kiko Japani, na Nobuie mwenye hati angemwingizia mara nyingi ya hizo laki sita. Mfanyabiashara gani anaikimbia faida hiyo? Mwambie hivi kwa adabu: "Nitainunua ikishapata hati ya NBTHK, na ada ya ukaguzi niko tayari kuchangia." Ikiwa ni yenyewe, atakushukuru. Akikuambia kuna mteja mwingine anasubiri, mwache aende kwa huyo mteja.

Sasa nihamie kwenye picha uliyoiweka mwisho kabisa, ile ambayo kwa maneno yako ni "ya kutu, ya yeni elfu nne, bila jina". Hiyo ndiyo iliyonikalisha kwenye kiti.

Ni ya mviringo, na kwa rula uliyoiweka pembeni ina kama sentimita 7.8, kipimo cha kawaida kwa upanga mrefu. Imetobolewa ikabaki gurudumu lenye spoku, kulia na kushoto vikilingana. Angalia ukingo wake. Umeuona kuwa haukunyooka sawasawa? Kuna sehemu zimevimba kidogo, nyingine kama punje, nyingine kama mshipa, na zinang'aa tofauti na chuma kinachozizunguka. Wajapani huziita tekkotsu, mifupa ya chuma. Ni mahali ambapo chuma kigumu zaidi kimebaki huku kile laini kikilika, na hutokea kwenye chuma kilichokunjwa na kufuliwa. Kisha ndani ya matobo, kwenye picha uliyopiga kwa mshazari, ninaona mikwaruzo mifupi ya tupa, ikielekea huku na huku kadiri mkono wa fundi ulivyogeuka. Hakuna mstari wa kalibu. Tundu la katikati limepigwa pigwa juu na chini, na kipande kimoja cha shaba bado kimo. Hata kivuli cha seppa kinaonekana, duara jepesi la rangi tofauti kuzunguka tundu.

Tsuba za chuma zilizotobolewa kwa ulinganifu wa namna hiyo, zenye mifupa ukingoni na rangi nyeusi inayoelekea zambarau, ndizo zinazoitwa za Owari. Siwezi kutoa hukumu kwa picha, na kutu lililoko juu linaificha rangi. Lakini ningekuwa na fedha ya ada moja tu ya ukaguzi, ningeipeleka hiyo.

Na usiitilie kasoro kwa kukosa jina. Tsuba za Owari, na ndugu zake za Kanayama zilizo ndogo na nene kidogo, karibu zote hazina sahihi. Mafundi wake hawakuwa na desturi hiyo. Wewe umezoea kutafuta jina kwa sababu jina linasomeka haraka, na chuma kinataka subira, lakini katika tsuba za chuma zilizotobolewa, kazi nyingi nzuri kuliko zote hazikutiwa jina. Ndiyo maana mpaka leo mtu mwenye jicho anaweza kupata tsuba ya haki ya Kijapani kwa makumi ya elfu ya yeni, na asiye na jicho akalipa laki sita kwa chuma cha kalibu chenye herufi mbili.

Jicho hilo unalipata kwa kutazama vitu ambavyo havina shaka, mara nyingi, kabla hujafungua pochi. Uko mjini mahali pake. Jumba la Sanaa la Tokugawa liko Nagoya, lilifunguliwa mwaka 1935, na lina hazina ya ukoo wa Tokugawa wa Owari wenyewe. Kwenye hekalu la Atsuta kuna jumba la panga la Kusanagi, lililofunguliwa 2021. Ukienda Tokyo, Jumba la Panga la NBTHK liko Ryogoku tangu 2018. Simama mbele ya kabati la kioo, usisome maelezo kwanza. Tazama ukingo, tazama uso, tazama tundu. Ndipo usome.

Halafu kuna sauti. Ifunge tsuba ya chuma kwa uzi kupitia tobo lake, ining'inie bila kugusa kitu, uigonge kwa kijiti cha mbao. Iliyofuliwa vizuri hulia na sauti ikaning'inia. Iliyomiminwa mara nyingi hutoa mlio mfupi uliozibwa. Usiitegemee njia hii peke yake, maana tundu lililozibwa kwa madini ya risasi linaweza kuiua sauti ya tsuba nzuri. Sumaku nayo haikusaidii hapa, kwa sababu hushika chuma cha kufua na cha kumimina vilevile.

Kuhusu kutu na fundi mwenzako: nakusihi, usimkubalie. Usipeleke tsuba hata moja kwenye brashi ya waya, usiipake dawa, usiisugue kwa limau, siki, majivu wala mchanga. Ninajua nyumbani ndivyo tunavyong'arisha vyombo, na ni vizuri kwa vyombo. Chuma cha tsuba kina ngozi. Ule weusi wenye kina ni kutu pia, ila ni kutu lililolelewa na fundi kwa makusudi, likakomaa kwa kuguswa na kufutwa kwa vizazi. Ukilitoa unabaki na chuma cheupe kisicho na umri, na hakuna atakayelirudisha. Dakika mbili za mashine ya yadini zinatosha kuiua hiyo tsuba ya gurudumu.

Linalotakiwa kuondoka ni kutu jekundu tu, lile la ungaunga linaloacha rangi kidoleni, maana hilo bado linakula. Tafuta kipande cha mfupa au cha pembe ya paa, ukichonge ncha butu, ukwangue polepole pale palipo wekundu, kidogo leo na kidogo kesho. Mfupa ni laini kuliko ngozi ya chuma, kwa hiyo hulitoa lililo juu ukaiacha ya chini. Baada ya hapo futa kwa kitambaa laini cha pamba kikavu, mara kwa mara, jioni unapopumzika. Ikibidi, tia tone dogo la mafuta mepesi kisha ulifute lote lisibaki. Kiangazi cha Nagoya kina unyevu mwingi na boksi la vifaa ndani ya gari ni mahali pabaya kuliko pote: joto, jasho la chuma, na spana zinazogongana nazo. Zitoe huko leo. Ishike tsuba kwa ukingo, mikono ikiwa mikavu.

Kwenye picha zako kuna mbili za rangi ya weusi wa samawati, zenye vichembe vidogo vilivyopangwa mistari kama mayai ya samaki. Hizo si za chuma. Inaelekea ni shakudo, shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, kama sehemu tatu hadi tano kwa mia, kisha ikachemshwa kwenye maji ya dawa hadi ikatoa weusi huo. Vile vichembe viligongwa kimoja kimoja kwa mkono. Wengine walitumia shibuichi, shaba yenye fedha kiasi cha robo, inayotoa kijivu kizuri sana, na juu yake wakatia njumu za dhahabu. Rangi ya madini hayo ni utando mwembamba mno. Usizisugue kabisa, hata kwa kitambaa. Vumbi lipulizwe tu.

Sasa mke wako, na hapa nataka unisikilize vizuri zaidi.

Hofu yake ina sehemu tatu, na wewe umeandika mbili tu. Sehemu ya kwanza ni damu. Mweleze historia, kwa sababu historia iko upande wako kwa kiasi kikubwa. Kuanzia 1603 hadi 1868 Japani ilitawaliwa na ukoo wa Tokugawa, na ukiondoa vita vya Osaka vya 1614 na 1615 na uasi wa Shimabara wa 1637, nchi ilikaa bila vita vikubwa. Upanga uligeuka kuwa vazi la heshima kiunoni, na tsuba ikawa pambo lake. Mwenye mali alikuwa na tsuba kadhaa, akibadilisha kufuata hafla. Wafanyabiashara nao, walioruhusiwa upanga mfupi tu, walizipamba za kwao kwa dhahabu. Tsuba nyingi zilizopo sokoni leo, hasa za madini laini, ni za kipindi hicho. Hiyo ya gurudumu, ikiwa ni kongwe kama ninavyoshuku, huenda ni ya kabla ya amani hiyo, na sitakuapia kwamba haikufika vitani. Lakini yenyewe haina makali. Kazi yake ni kuuzuia mkono wa mwenye upanga usiteleze kwenye bapa. Mkumbushe pia kwamba familia nyingi za pwani yetu na za Oman zina jambia ndani, urithi wa babu, na bwana harusi huivaa bila mtu kuuliza imemchoma nani. Kama mama mkwe anataka dua isomwe, isomwe. Haimpunguzii mtu kitu, na nyumba itatulia.

Sehemu ya pili ni sura za miungu, na hapo simpingi hata kidogo. Nimeziona tatu kwenye picha zako, mmoja akiwa ameshika samaki, yule wanayemwita Ebisu. Nyumba ni ya watu wawili. Ziuze hizo tatu. Tsuba hazina uhaba wa michoro isiyomgusa mtu imani yake: magurudumu, nyasi na mwezi, maua ya krisanthemu, vibuyu, miavuli, mawimbi, misonobari. Mtindo wa Owari unaoupenda karibu wote ni wa namna hiyo. Na fedha ya hizo tatu itakupa moja iliyo bora, na hivyo ndivyo mkusanyiko unavyokua. Nyingine zina msalaba, na wauzaji hupenda kusema ni za Wakristo waliojificha enzi dini yao ilipopigwa marufuku. Usilipie hadithi hiyo, michoro ya kigeni iliingia Japani kwa njia nyingi kupitia bandari ya Nagasaki.

Sehemu ya tatu ya hofu yake hukuiandika, ila imo baruani: fedha. Mwanamke anayeona boksi linafichwa garini hahitaji kuambiwa kuna linalofichwa. Ulikuwa unakaribia kuitoa fedha ya kiwanja, ambayo nusu ni jasho lake, bila yeye kujua. Mwambie, mwanangu. Mwambie kabla ya mwisho wa mwezi, wala usingoje dili livunjike kwanza ndipo umwambie kama habari njema. Kisha kaeni mpange kiasi cha kila mwezi ambacho ni chako kwa jambo hili, mkikiandika pamoja na kodi na ada. Kikiwa kidogo, utanunua moja kwa mwaka, na kwa kweli moja iliyochaguliwa kwa mwaka inamfunza mtu kuliko kumi za gulio.

Nunua daftari. Kila tsuba iwe na ukurasa wake: picha ya pande zote mbili, kipimo, uzito, ulikoinunua, tarehe, bei, na risiti ibandikwe hapo hapo. Daftari hilo mkabidhi mkeo alitunze yeye. Ninalisema hili kwa uzito, kwa sababu nimeona mikusanyiko ikiuzwa kwa kilo baada ya mwenyewe kufariki, mjane akiambiwa na mnunuzi wa kwanza aliyebisha hodi kwamba ni chuma chakavu tu. Mnunuzi yule alijua. Mjane hakujua, kwa sababu marehemu hakuwahi kumwambia kitu. Japani yenyewe iliyapata hayo: tarehe 28 Machi 1876 serikali ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, mafundi wakakosa kazi, na tsuba zikavuliwa kwenye panga zikauzwa kwa wageni kwa wingi. Ndiyo maana leo makumbusho ya Boston na ya Hamburg yana hazina kubwa za tsuba. Wachache walipata njia. Kano Natsuo, aliyezaliwa 1828 na kufariki 1898, ndiye aliyechonga vielelezo vya sarafu za kwanza za serikali ya Meiji, ile iliyofuata baada ya Tokugawa, na baadaye akawa profesa wa shule ya sanaa ya Tokyo. Wengi wengine waligeukia vyombo vya kuuza nje, au waliacha fani.

Mpeleke basi mkeo na binti kwenye Jumba la Tokugawa. Usimhubirie huko. Muulize tu ipi anaipenda na kwa nini. Watu wasio na habari na majina mara nyingi huona chuma vizuri, na ninashuku atakufaa kuliko yule muuzaji.

Swali lako la mwisho, kuhusu kurudi nazo. Tsuba peke yake si silaha kisheria huko Japani, wala haihitaji cheti cha usajili kama kinachohitajika kwa upanga. Upanga una sheria zake, unahitaji na kibali cha kuutoa nchini, hivyo usishawishike kununua tsuba ikiwa bado imevaa bapa. Kisichoruhusiwa kutoka kabisa ni kilichoorodheshwa na serikali kama Mali Muhimu ya Utamaduni, na cha namna hiyo hukipati Osu Kannon. Siku ya safari zifunge moja moja kwenye kitambaa cha pamba, uziweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, ziende na risiti na nakala ya daftari, na uzitangaze forodhani ukifika. Zile ambazo zitakuwa zimepata hati, hati isafiri kwenye mkoba wako wa mkononi.

Na hiyo ya gurudumu, usiikwangue kwanza. Ipeleke ilivyo, na kutu lake. Ukishapata jibu la wakaguzi, niandikie hata kama ni baya.

Shangazi yako.